Jike au Dume? Mwongozo Kamili wa Kutambua Jinsia ya Tarantula Mchanga

Tarantula mchanga hana alama ya nje inayotosha kukuhakikishia jinsia yake. Kwa spishi nyingi rangi ni ileile, mwendo ni uleule, na ukubwa hausaidii, kwa sababu ndugu wa uzao mmoja hupishana sana kimo kulingana na chakula na joto. Ushahidi wenyewe anauacha kila anapovua gamba. Jike ana vifuko vya kuhifadhia mbegu za dume, na utando unaovitanda kwa ndani huvuliwa pamoja na ngozi nyingine yote. Dume hana vifuko hivyo. Kwa hiyo kazi kubwa ni kulipata gamba likiwa zima, kulilainisha, kulikunjua bila kulichana na kujua mahali hasa pa kutazama. Kumkagua tumboni akiwa hai ni njia nyingine, nayo imeelezwa hapa chini, ila ichukuliwe kama makisio.

Tofauti ya jinsia si jambo dogo kwa mfugaji. Jike wa Brachypelma hamorii, yule wa Meksiko mwenye magoti mekundu, anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Dume wa spishi hiyohiyo akishapevuka huwa amebakiwa na miezi, au mwaka na kitu. Anayetaka kuzalisha naye anahitaji kujua mapema, kwa sababu madume hupevuka kabla ya majike wa uzao wao, na asiyepanga hujikuta ana dume mzee na majike ambao bado ni watoto.

Aanze kupimwa akiwa na ukubwa gani?

Kipimo cha wafugaji ni upana wa miguu: kutoka ncha ya mguu wa mbele wa upande mmoja hadi ncha ya mguu wa nyuma wa upande wa pili, kwa mshazari. Kumbuka kwamba gamba linaonyesha ukubwa aliokuwa nao kabla ya kulivua. Mwenyewe sasa ni mkubwa zaidi ya hapo.

Chini ya sentimita 2 jihurumie, usipoteze muda. Vifuko huenda vipo, lakini ni vidogo na laini kiasi kwamba gamba hukunjamana na kuvificha. Kati ya sentimita 2.5 na 4 unahitaji hadubini inayokuza mara 20 hadi 40. Kuanzia sentimita 4 au 5, kioo cha kukuzia mara 10 chenye taa kinatosha kwa spishi nyingi, na wakivuka sentimita 8 jike huonekana hata kwa macho matupu ukiwa na mwanga mzuri. Hizi ni takwimu za spishi za kawaida. Kwa zile kibeti, ambazo mtu mzima wake hafiki mbali zaidi ya sentimita 5, viungo hukua mapema kulingana na mwili, hivyo gamba dogo zaidi laweza kusomeka.

Vifaa

Kibano kirefu cha sentimita 25 hadi 30 cha kutolea gamba kwenye kizimba, na kingine kifupi chenye ncha laini cha kazi ya mezani. Brashi ndogo ya kuchorea, ile ya nywele chache kabisa. Sindano mbili, moja uisugue ncha mpaka iwe butu. Kisahani cheupe chenye kina kidogo, kioo cha slaidi au kipande cha plastiki angavu, karatasi ya shashi, mkasi mdogo, maji vuguvugu, na tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Kwa macho: kioo cha kukuzia au hadubini. Hadubini ndogo za kidijitali zinazochomekwa kwenye kompyuta hufanya kazi hii vizuri, na zina faida ya kukupa picha ya kuhifadhi. Lenzi ya kubana kwenye kamera ya simu nayo inafaa kwa magamba ya wastani.

Usisahau glavu na miwani ya kinga kama spishi yako inatoka Amerika. Tarantula wengi wa huko wana vinyweleo vya kuwasha mgongoni mwa tumbo, na vinyweleo hivyo huvuliwa pamoja na gamba vikiwa na ukali wake wote. Vinawasha kama upupu, na vikiingia jichoni huzama kwenye utando angavu wa mbele ya jicho na kuleta uvimbe unaohitaji daktari. Usilipulize gamba kavu ili kuondoa vumbi, wala usilikaribishe usoni kabla hujalilowesha. Gamba likishalowa vinyweleo havipeperuki tena, lakini mikono bado ioshwe kabla ya kugusa uso.

Kulipata gamba likiwa zima

Tarantula anayekaribia kuvua hukataa chakula, tumbo hunenepa na kung'aa, rangi hufifia, na akiwa na upara nyuma ya tumbo, upara huo hugeuka kutoka rangi ya nyama kuwa mweusi. Wengi hutandika mkeka wa hariri, wengine huziba mlango wa shimo. Ukiona hivyo, toa kila nyenje aliyebaki ndani. Mdudu mwenye njaa humtafuna tarantula aliyelala chali akiwa hana uwezo wa kujitetea. Hakikisha kibakuli cha maji kimejaa, kisha mwache.

Akilala chali anavua, hafi. Kifuniko cha kichwa na kifua hufunguka kwanza, tumbo hufuata, miguu huchomolewa mwisho. Kazi hiyo huchukua kama dakika 15 kwa kinda mdogo na saa kadhaa kwa mkubwa. Usimguse, usimgeuze, usitikise kizimba.

Gamba litolewe lini? Pale atakapokuwa amegeuka, amesimama kwa miguu yake na kusogea pembeni. Kabla ya hapo ngozi mpya ni laini mno na kibano kinaweza kumjeruhi. Lakini usikawie siku nyingi, kwa sababu mbili. Kwanza, makinda wengi hulikanyaga gamba, hulivingirisha na hariri kuwa gonge dogo, na baadhi hulitafuna mpaka sehemu ya tumbo isibaki. Pili, kwenye kizimba chenye unyevu ukungu hulivamia na kulioza. Dirisha zuri ni ndani ya saa chache mpaka siku moja. Gamba bichi linakunjuka lenyewe karibu bila kulowekwa, na ndiyo maana anayelichukua siku hiyohiyo hupata jibu kwa urahisi kuliko anayelifufua baada ya mwezi.

Akiwa amevulia shimoni, usichokoe. Wengi hulitupa gamba nje wenyewe siku chache baadaye, wakilisukuma mlangoni pamoja na mabaki ya chakula. Utakalolichomoa kwa nguvu litakatikia kiunoni, palepale unapopahitaji. Na usimlishe kwa kuwa tu ameanza kutembea: meno huwa meupe kwanza, kisha mekundu, na yakishakuwa meusi ndipo yamekauka. Kwa kinda ni siku kadhaa, kwa mkubwa wiki moja hadi mbili.

Kulainisha na kukunjua

Gamba lina sehemu mbili zisizofanana. Mbele kuna miguu, meno na kifuniko, vyote vigumu na vinavyohifadhi umbo. Nyuma kuna ngozi ya tumbo, nyembamba kuliko karatasi ya shashi, ambayo hunywea na kujikunja mara tu mwenyewe anapotoka. Unachokitafuta kiko kwenye ngozi hiyo nyembamba, upande wa chini, karibu na ilipoungana na kifua. Usikate miguu kwa haraka. Iache mpaka ujue mbele ni wapi, maana ukishaitenganisha ngozi ya tumbo bila alama, unaweza kuitazama kinyume na kutoa hukumu ya ovyo.

Weka maji vuguvugu kwenye kisahani, dondosha tone moja la sabuni, koroga polepole bila kufanya povu. Bila sabuni maji hayaingii katikati ya vinyweleo. Gamba huelea likiwa na mapovu ya hewa na halilainiki sawasawa. Tumbukiza gamba zima, libonyeze chini kwa brashi mpaka hewa itoke. Gamba la siku hiyo linahitaji dakika 5. La wiki moja, nusu saa. Lililokaa miaka kwenye kopo bado linaweza kusomeka ukiliacha usiku kucha, alimradi halikupondwa. Maji ya moto yaepukwe, hayaongezi kasi kiasi cha kulipia hatari ya ngozi kujikunyata.

Ngozi ikishalegea, ifungulie humohumo majini. Hili ndilo kosa la wengi: wanalitoa nje likiwa gonge, wanaanza kulivuta kwa kibano, linachanika. Majini ngozi hujitandaza yenyewe, na wewe unaisaidia kwa brashi tu, ukianzia kifuani na kuelekea nyuma. Ukikutana na mkunjo mkaidi, ingiza sindano butu chini yake na uisukume taratibu huku ukishikilia kifua kwa sindano ya pili. Usivute pembeni kabla hujaona mapafu.

Mapafu ndiyo ramani yako. Tarantula ana mapafu kitabu manne chini ya tumbo, jozi mbili, na kwenye gamba yanaonekana kama mabaka manne meupe au ya maziwa, mazito kuliko ngozi inayoyazunguka. Jozi ya mbele iko karibu na miguu. Jozi ya nyuma iko karibu zaidi na vichuruza hariri, vile vidole viwili vinavyochomoza mwisho wa tumbo. Ukishayaona yote manne, umemaliza sehemu ngumu.

Sasa ingiza slaidi chini ya ngozi, inyanyue pamoja na maji kidogo, na uigeuze ili upande wa ndani uwe juu. Upande wa ndani ni laini na unang'aa. Wa nje una manyoya. Hakikisha hili kwa kioo kabla ya kuendelea, kwa sababu ukitazama kwa nje kifuko hakionekani hata kama kipo. Miguu ikikuzuia kuilaza ngozi bapa, ikate sasa, lakini bakisha kipande cha kifua kiwe alama ya mbele.

Kisha gusisha ncha ya karatasi ya shashi pembeni ili inyonye maji yaliyozidi. Utando wa maji huyabana kwenye ngozi yale unayoyatafuta, yakalala bapa na kutoweka. Maji yakipungua, ngozi ikiwa na unyevu tu, kilichopo huanza kujitenga. Ukichelewa ikakauka kabisa itajikunja tena, hapo irudishe majini na uanze upya. Haina madhara.

Kulisoma gamba

Tazama jozi ya mbele ya mapafu. Kati ya mapafu hayo mawili, kwenye ukingo wake wa nyuma, unapita mstari wa kukingama: ni mfuo wa uzazi, mahali mayai yanapotokea kwa jike na mbegu kwa dume. Jibu lako liko juu ya mstari huo, katikati, katika eneo dogo ambalo kwa kinda halizidi milimita moja au mbili. Huna haja ya kutazama penginepo popote.

Kwa jike utaona kilimi kimesimama kutoka kwenye mstari huo, mara nyingi kimelalia mbele, upande wa miguu. Hivyo ndivyo vifuko vya mbegu, vinavyoitwa spematheka na wataalamu. Kipitishie sindano butu kutokea nyuma kwenda mbele: kitainuka, na ukikiachia kitarudi. Kile kinachoinuka ni kipande huru chenye ncha au ukingo wa juu usioshikana na kitu. Nyuma yake kuna ngozi nyingine pana, nyembamba sana na yenye mikunjo, nayo ni uterasi ya nje. Vitu hivi viwili vikiwapo pamoja, huyo ni jike na mjadala umekwisha.

Kwa dume mstari unapita kutoka pafu hadi pafu bila kilimi. Sindano inateleza juu yake bila kunasa. Kuna mkunjo mdogo wa ngozi, basi.

Mwanga ubadilishe wakati wa kutazama. Anza na taa ya pembeni, ya chini, ili kilimi kitupe kivuli. Kisha weka tochi ya simu chini ya slaidi, ukitenganisha kwa karatasi nyeupe ili mwanga usambae: vifuko vya jike vina ukuta mzito kidogo, hivyo hujionyesha kama umbo la manjano au kahawia katikati ya ngozi angavu. Mwanga wa pembeni unakuonyesha kama kuna kitu kinachosimama, wa chini unakuonyesha kitu hicho kina umbo gani. Ukitumia mmoja tu utabahatisha.

Umbo la vifuko hutofautiana kwa spishi, na hapa wengi hupotea. Jenasi za Brachypelma na Tliltocatl zina kifuko kimoja kipana kilichoungana, kama ubao mfupi. Avicularia wana vifuko viwili vilivyotengana, virefu na vilivyopinda. Grammostola wana viwili vyenye vichwa vilivyovimba. Kwa hiyo anayetarajia kuona vidole viwili kwa kila jike atamwita jike wa Brachypelma dume. Tatizo la pili ni umri: kwa kinda umbo bado halijakomaa, vifuko ni vifupi, bapa, ncha zake hazijavimba. Ukilinganisha na picha, linganisha na gamba la kinda wa spishi hiyohiyo mwenye ukubwa unaokaribiana. Picha ya jike wa miaka kumi haitakusaidia.

Zipo pia spishi ambazo kanuni hii inavunjika. Majike wa Sickius longibulbi wa Brazili hawana vifuko kabisa, na hivyo hivyo Encyocratella olivacea wa Tanzania. Ni nadra kuwakuta vizimbani, ila ni vyema kujua kwamba wapo.

Yanayodanganya

Madume wa spishi kadhaa wana tezi za ziada mahali palepale, na tezi hizo huacha alama kwenye gamba: vijivimbe viwili vidogo au kishada chenye nyuzinyuzi kinachochungulia juu ya mstari. Mtu mwenye hamu ya kupata jike ataviita vifuko bila kusita. Tofauti yake ni hii. Tezi za dume hazina kilimi kinachoinuka kwa upana wake wote, kingo zake hazina mpaka dhahiri zikimulikwa kwa chini, na nyuma yake hakuna uterasi ya nje. Ukiona vijivimbe lakini huoni ile ngozi pana yenye mikunjo, andika "dume huenda" na usubiri gamba lijalo.

Kosa la kinyume ni baya zaidi kwa sababu halijionyeshi. Mtu hajaona kilimi, anatangaza dume. Lakini kutokiona kuna sababu nyingi: ngozi imechanika palepale katikati, maji yamekibana kilimi, umetazama jozi ya nyuma ya mapafu, umetazama upande wa nje, au kinda ni mdogo mno kwa kioo ulichonacho. Jike huthibitishwa na kitu kilichopo. Dume huthibitishwa na kutokuwapo, na hilo linahitaji eneo lote kati ya mapafu ya mbele liwe zima, safi, limetandazwa na linaonekana pande zote. Kipande kikikosekana, jibu ni "haijulikani". Magamba ya makinda yanayotangazwa dume kwa sababu hii ni mengi mno, na baadaye yule "dume" anatengeneza mfuko wa mayai.

Nyuzi za hariri na uchafu navyo huiga vifuko. Ukiona kitu chenye mashaka, kisukume kwa brashi yenye maji: uchafu utaondoka, kilimi kitabaki kimeshikilia mstari.

Kumtazama tumboni akiwa hai

Gamba likiwa limeharibika, au umemnunua na hajavua bado, unaweza kukisia kwa kutazama chini ya tumbo. Njia hii inahitaji angalau sentimita 5 za upana wa miguu, picha kali na jicho lililozoea. Kwa spishi zenye tumbo jeupe au la kahawia hafifu inafanya kazi vizuri kiasi. Kwa wale weusi wa manyoya mazito kama Grammostola pulchra hata wazoefu hukosana.

Usimshike, usimgeuze chali, na usimtie kwenye baridi ili atulie. Anayefurukuta mkononi huanguka, na tumbo la tarantula likipasuka kwa kuanguka hata kutoka kimo cha meza mara nyingi hafi hapohapo bali hutokwa na maji ya mwili mpaka anakufa. Njia salama ni kusubiri apande ukuta wa kizimba, au kumwelekeza kwa brashi aingie kwenye kopo la plastiki angavu lenye kifuniko, kisha kumpiga picha kupitia kitako cha kopo. Kwa spishi za Afrika na Asia, ambazo hazina vinyweleo vya kuwasha lakini zina mbio na sumu kali zaidi, fanya hivyo ndani ya beseni refu ili akichomoka asiishie chini ya kabati.

Kamera ielekee tumbo moja kwa moja, mwanga uje kwa mshazari wa nyuzi kama 45, mmweko uzimwe kwa kuwa hurudisha mng'ao kwenye plastiki. Piga picha nyingi na uchague ile ambayo nywele mojamoja zinahesabika. Kisha kuza eneo la kati ya mapafu ya mbele.

Dume ana kitu ambacho jike hana: mbele kidogo ya mfuo wa uzazi kuna vitundu vya ziada vya kutolea hariri, anavyovitumia akipevuka kutengeneza utando wa kuwekea mbegu. Kwa nje eneo hilo huonekana kama baka la nusu duara au pembetatu, lenye nywele fupi zilizosongamana, tofauti kwa rangi au kwa mwelekeo na nywele zinazolizunguka. Hilo baka ndilo la kutafuta. Kwa jike nywele hupita sare, mfuo huwa mpana zaidi, mdomo wake hutuna kidogo, na mapafu mawili ya mbele huonekana yameachana zaidi. Kwa dume mstari huwa mwembamba, wakati mwingine umepinda, na pengo kati ya mapafu ni dogo.

Upana wa pengo usiutegemee peke yake. Tumbo lililoshiba hutanuka na kuachanisha kila kitu. Tumbo la mwenye njaa hukusanya kila kitu pamoja. Ukipiga picha siku ya pili baada ya mlo mzito, dume atafanana na jike. Baka la nywele halibadiliki kwa chakula, na kwa hiyo ndilo lenye uzito.

Kuna jenasi chache ambazo rangi husaidia mapema. Poecilotheria ndiyo maarufu: madume ambao hawajapevuka huanza kuonyesha michoro iliyofifia na kifuniko chenye rangi iliyopooza kuliko cha majike wa rika lao. Hilo linahitaji kuwaweka ndugu kadhaa sambamba. Kwa mmoja aliye peke yake ni kubashiri.

Dalili zinazokuja zikiwa zimechelewa

Dume akishavua gamba lake la mwisho hahitaji hadubini. Ncha za vipapasio vyake, vile viungo viwili kama miguu mifupi vilivyo mbele karibu na mdomo, huvimba kwa viungo vya kuhamishia mbegu, miguu huonekana mirefu kuliko mwili, na spishi nyingi huota kulabu chini ya miguu ya mbele za kuzuia meno ya jike wakati wa kujamiiana. Kukosa kulabu si ushahidi wa ujike: madume wa Theraphosa blondi hawana. Angalia vipapasio.

Yale mengine unayosikia, kwamba madume ni wakali, kwamba majike hujenga mashimo zaidi, kwamba mwenye tumbo nene ni jike, hayana msaada wowote kwa kinda. Tumbo nene ni la aliyekula.

Kuweka kumbukumbu

Andika majibu kwa daraja tatu tu: "jike, gamba", "dume, gamba", na "makisio". Kinda unayemuuza au kubadilishana kwa ajili ya uzazi apelekwe na picha ya gamba lake, iliyopigwa kwa mwanga wa chini, ikionyesha mapafu yote mawili ya mbele ili mtazamaji ajue ni eneo gani. Picha ya kilimi peke yake, isiyo na mapafu, haithibitishi kitu.

Gamba lenyewe usilitupe. Kata kipande chenye mapafu manne, kitumbukize kwenye kichupa cha spiriti ya asilimia 70 chenye kizibo kinachobana, na ndani yake weka kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: spishi, namba ya kizimba, tarehe, upana wa miguu. Wino huyeyuka kwenye spiriti, penseli haifutiki. Vichupa vya makinda waliotiliwa shaka vipange pamoja, kwa sababu gamba lijalo likija na jibu, utataka kurudi kwenye lile la kwanza na kuona ulichokuwa umekikosa.